Ndoo ya Kona

Aibu hii siwezi kuisimulia kwa mdomo, ndiyo maana naiandika, tena polepole, maana niliishia darasa la saba na kalamu sikuishika tena mpaka mwaka huu (kwa nini nimeishika, mtajua mbele).

Kazi yangu ni kuchota maji ya shule ya sekondari ya kata yetu, huku Kilwa kwenye mashamba ya korosho. Alfajiri nabangua korosho na mama, jua likitoka napakia madumu kwenye baiskeli naelekea kisimani. Mdogo wangu Somoe anasoma hapo hapo shuleni, kidato cha tatu, na alikuwa amepania kuwa nesi.

Siku ya wazazi shule ilitaka kuonyesha maabara mpya, na Somoe ndiye aliyechaguliwa kufanya jaribio mbele ya watu. Bomba la humo lilikuwa bado halitoi maji, kwa hiyo Mwalimu Halfani wa kemia aliniita asubuhi akanionyesha ndoo kubwa iliyojaa.

"Hassani, ndoo hii ya kona haiguswi. Si ya kunywa wala ya kupigia deki. Mtu akimwagikiwa kemikali, hii ndiyo itakayomwokoa. Umeelewa?"

"Nimeelewa, mwalimu."

Na kweli nilielewa. Shida yangu haijawahi kuwa kuelewa.

Adhuhuri ilipokaribia, mzee mmoja jirani yetu wa shambani akanikuta mlangoni na birika tupu mkononi. Pipa la nje wapishi wa pilau walikuwa wamelimaliza.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Nitilie maji nitawadhe."

Mtu mwingine angesema babu subiri kidogo nikimbie kisimani. Mimi mtu mzima akiniomba kitu ulimi unaganda (hata akinikanyaga mguu huwa namwomba radhi yeye), basi nikachota kwenye ndoo ya kona, birika moja tu, nikijiambia nitajazia baadaye. Lakini wazee hawaendi kuswali mmoja mmoja. Nyuma yake walikuja wengine, "Na sisi tupo, kijana," kila mmoja na dua yake ya kuniombea heri, na mimi nikachota huku kichwa kikinivimba, kwa sababu si kila siku watu wazima wananiombea heri. Nilipochungulia ndoo, sehemu ya chini ilikuwa inang'aa.

Nikashika baiskeli niende kisimani, kengele ikalia. Wazee walikuwa wamesharudi kutoka kuswali, wageni wote wakaanza kuingia, na Mwalimu Halfani akaniambia nisimame mlangoni nizuie watoto. Hapo ndipo ningesema. Sikusema.

Somoe alisimama nyuma ya meza na koti jeupe lililompita magoti. Glovu zilikuwa jozi moja, kubwa, zilimteleza, akazivua. Mama alikaa mbele akimnong'oneza kila aliyekuwa karibu, "Huyo wangu." Somoe akainamisha macho usawa wa mistari ya silinda ya kupimia akasema, "Unasoma kipimo ukiwa sawa nacho, ukisoma kwa juu unajidanganya." Kisha akainua silinda yenye asidi ya salfa (siyo ile salfa ya unga tunayopulizia mikorosho, hii ni maji mazito kama mafuta). "Asidi ndiyo inayoingia kwenye maji, kidogo kidogo. Maji hayamiminwi kwenye asidi."

Nilipoiona ile asidi nikaikumbuka ndoo. Kusema mbele ya watu siwezi, nikaona nimwambie Somoe kwa siri asubiri kwanza. Nikapita ukutani kwa kunyata, nikafika nyuma yake, nikamgusa kiwiko.

Akashtuka. Asidi ikamwagika yote juu ya mkono wa kulia.

Hakulia mara moja. Aliutazama mkono kana kwamba ni wa mtu mwingine. Mwalimu akairukia ndoo kwa nguvu za kubeba ndoo iliyojaa, ikaja nyepesi, akapepesuka nusura aanguke, na watu wakacheka, wengine wakirekodi kwa simu, wakidhani ni sehemu ya maonyesho.

"Hassani, maji yako wapi?"

"Wazee wametawadha," nikasema, kwa sauti kubwa kuliko zote nilizowahi kutoa. Wakacheka tena, mpaka Somoe alipoanza kupiga kelele.

Mwalimu akakimbilia kwa wapishi kutafuta maji. Na mimi (hapa kalamu inakuwa nzito) nilikuwa na kichupa cha mafuta ya nazi mfukoni. Utomvu wa ganda la korosho ukikurukia unaunguza ngozi, na maji yanateleza tu juu yake, kwa hiyo sisi tunapaka mafuta. Tangu utoto ndiyo dawa yetu. Mama akasema, "Mpake, baba, mpake upesi." Nikampaka, nikasugua vizuri.

Mwalimu aliporudi na sufuria alimwaga maji yakawa yanateleza juu ya mafuta.

"Umempaka nini?"

Nilimwonyesha kichupa.

Hospitali nesi aliuliza hilo hilo, nani alipaka mafuta. Mama akanitazama, akasubiri kidogo. Kisha akasema, "Mimi." Nesi akamsema mama yangu mbele ya wagonjwa wote, na mimi nikatazama sakafu.

Sasa vidole viwili vya Somoe vimepona vikiwa vimekunjamana. Vijana wa kijiweni wakiniona na madumu wanasema, "Kaka, tutilie tutawadhe," na shangazi yetu wa Mtanda, kule Lindi, aliiona video kabla hata hatujampigia simu. Juzi mzee mwingine aliniomba maji ya ile ndoo. Nikamwambia, "Hapana, babu, nakwenda kisimani." Sauti ilitetemeka lakini ilitoka, na itatoka kila mara.

Somoe anajifunza kuandika kwa mkono wa kushoto, bado haujamkubali, kwa hiyo jioni yeye anasema na mimi namwandikia masomo yake.

"Andika, kaka. Aliyemwagikiwa asidi aoshwe papo hapo kwa maji mengi yanayotiririka. Asipakwe kitu chochote."

Nikaandika. Nilichelewa kwenye "yanayotiririka", akaningoja.

"Soma."

Nikasoma.

"Soma tena."