Kamera Kwenye Mtarakwa

Kamera ya kwanza iliibwa kabla haijamaliza wiki. Nilikuta mkanda wake umekatwa kwa panga, kipande kimebaki kimeng'ang'ania mti. Nikakifungua, nikakitia mfukoni, nikapanda mlima kurudi nyumbani.

Shamba letu liko upande wa Mau Narok, kwenye ardhi iliyokuwa ya walowezi. Juu tulilima ngano na viazi. Chini, mahali trekta haiwezi kushuka, palibaki bonde lenye msitu na kijito, na humo watu walikuwa wakiwinda tangu kabla sisi hatujahamia. Waliingia na mbwa, wakatega waya kwenye vijia vya pongo, wale swala wa msituni. Kuwinda kulikuwa kumepigwa marufuku tangu nikiwa mtoto, lakini nyaya nilizong'oa Jumapili zilikuwa zimerudi Jumapili iliyofuata. Siku nilipokuta pongo jike mwenye mimba amenyongwa na waya, mwili bado una joto, niliamua kwamba bonde lile litakuwa na mwenyewe, na mwenyewe ni mimi.

Rafiki yangu tuliyesoma naye chuo, anayefanya utafiti wa wanyama, ndiye aliyenipa kamera tatu. Hizi hufungwa kwenye mti na kupiga picha zenyewe kitu chenye joto kikipita mbele. Nilikuwa nimeona nyayo kando ya kijito nikadhani ni za chui, naye akaniambia, "Leta picha, ndipo tutaweza kukusaidia kulinda hapo mahali."

Ya pili niliifunga kwa mnyororo na kufuli. Mwizi aliuacha mnyororo, akaukata mti. Nilisimama nikitazama kisiki, utomvu bado unatoka.

"Achana na hizo vitu," mume wangu aliniambia jioni ile. "Utamaliza kamera za watu, na chui hata hatujamwona."

"Bado iko moja," nikamjibu.

Nilishuka Nakuru kwa fundi wa kuchomelea, mzee wa Kisikh mwenye karakana nyuma ya maduka ya vipuri. Nilimweleza nataka sanduku la chuma lenye tundu mbele.

"Ya nini, mama? Unafuga nyoka?"

"Ni ya kamera, mzee. Inaibiwa msituni."

"Nani anaweka kamera msituni?"

"Mimi."

Alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akachukua chaki, akachora sakafuni. "Kufuli usiweke nje. Mtu akiona kufuli, anajua atapiga nyundo wapi. Tutaficha chini, ndani ya bomba. Mkono wako utaingia, nyundo haitaingia." Alinitengenezea masanduku mawili, akayapaka rangi ya kijani iliyofifia. Rafiki yangu naye alikubali kuniazima kamera nyingine moja, akaapa ni ya mwisho.

Safari hii nilichagua mtarakwa mnene, ambao kuukata kungechukua siku nzima na bonde zima lisikie. Sanduku moja nililikaza kwa misumari ya parafujo kimo cha kifua, peupe, mtu yeyote alione. La pili nilipanda nalo ngazi kwenye mti wa ng'ambo ya kijia, nikalificha kwenye majani, likitazama chini kwenye lile la kwanza.

Baada ya siku chache nilikuta sanduku la chini limepigwa mpaka likabonyea, ila halikufunguka. Nikapanda ngazi, nikatoa kadi ya kamera ya juu, nikaitazama kwenye kompyuta. Mwanamume mwenye nyundo, uso wazi kabisa. Alikuwa jirani yetu wa ng'ambo ya kijito. Mke wake ndiye aliyekuwa akituuzia maziwa.

"Hii inaenda polisi kesho," mume wangu akasema.

"Inaenda kwake kwanza. Na ninaipeleka mimi."

Nilimkuta amekaa nje ya nyumba akimenya mahindi, redio ikiimba kando yake. Mke wake alinikaribisha chai. Nikamwonyesha mume picha. Aliitazama, akanyoosha mkono akaizima redio.

"Hizo betri za redio ni zako," akasema.

Kwa mshangao wangu, nilikaribia kucheka. "Na kamera?"

"Iko kwa shamba ya maharagwe, nimeifukia. Ile ingine nilitupa kwa mto." Akainua macho. "Mama, wewe unapiga watu picha, unapelekea watu wa forest. Mimi nachoma makaa huko. Nikishikwa, hawa wa nyumbani watakula nini?"

Sikuwa nimewahi kufikiria kwamba mtu angeona kamera ile inamwinda yeye. Nilimwambia nataka chui, simtaki yeye. Nilimwahidi mbele ya mkewe kwamba picha ya mtu yeyote haitatoka nyumbani kwangu, na kwamba sitaweka kamera kwenye njia ya kuni. Lakini nyaya sizitaki, na mbwa sitaki kuwaona.

"Siwezi kuahidi mkono wa mtu mwingine," akasema. "Wangu naahidi."

Mkewe akauliza, "Na makaa?"

"Makaa tutaongea," nikajibu. Tukaongea kweli, mara nyingi, na si kwa upole kila mara. Kamera aliyoifukua ilikuwa imejaa maji, haikupona.

Uchaguzi wa Desemba ulipokwisha na watu kuanza kuchomeana nyumba, tuliiacha nyumba na kwenda kukaa kwa dada yangu, huko Kiamunyi karibu na mji wa Nakuru. Tuliporudi mwaka mpya ukiwa umeshaanza kuzeeka, mabati ya ghala yalikuwa yameondolewa, na viazi vimechimbwa. Nilishuka bondeni kabla hata sijafungua mizigo. Masanduku yote mawili yalikuwepo.

Kwenye kadi kulikuwa na pongo, kisha watu. Walipita mchana, wengi, magodoro kichwani, watoto mgongoni, mwanamke mmoja amebeba kuku kifuani. Walikuwa wakikimbia kupitia bonde langu kwa sababu barabara haikupitika. Wengine niliwafahamu. Nilizifuta picha zile moja baada ya nyingine, na mume wangu aliponiuliza kama singeziweka kwa ukumbusho, nilimwambia hapana.

Kisha nikaweka betri mpya, nikarudi kwenye mtarakwa. Jirani alishuka kunishikia ngazi. Mvua za masika zilipokolea, chui alipita asubuhi mapema mbele ya sanduku lililobonyea, mgongo umelowa, akageuza kichwa kana kwamba ameitwa. Picha hiyo ndiyo niliyompelekea rafiki yangu. Naye akaniletea kamera nyingine, na mimi nikateremka Nakuru kuagiza masanduku.