Kombati Nilizoambiwa Ni za Walinzi wa Masara

Admin, naomba ufiche jina langu, watu wa huku wananijua. Mimi ni mama wa miaka 36, nimeolewa, na ni fundi wa nguo hapa Rodi Kopany, karibu na mji wa Homa Bay. Kazi yangu ni magauni na joho za kwaya. Sijawahi kugombana na serikali.

Mwaka jana shemeji yangu, kakake mume wangu, alikuja kutoka Nairobi. Anafanya kazi serikalini, ofisi gani hajawahi kutuambia. Alileta marobota ya kitambaa cha kombati akaniambia, "Mama Achieng'" (jina hilo nimelibuni), "kuna walinzi wa migodi ya dhahabu kule Masara. Washonee. Lakini usiweke lebo, na usionyeshe mtu." Nikauliza kwa nini. Akasema tenda ina maadui wengi. Nikaamini, kwa sababu ni shemeji.

Mimi na wasichana wangu wawili wa kazi tulishona wiki sita. Siku ya kuchukua, lilikuja lori la serikali, mchana kweupe. Nilipanda nyuma kupanga mafurushi, nikakuta masanduku marefu ya mbao chini ya turubai. Moja lilikuwa limepasuka ubao. Ndani niliona bunduki, zimelazwa kama miwa. Dereva akaniambia kwa upole, "Mama, shuka. Hiyo si nguo." Shemeji alikuwa amesimama hapo karibu. Aliendelea kuangalia simu yake.

Hapo ndipo nilianza kushuku. Nina dada wa kanisa anapika chakula Masara, nikajifanya naenda kumsalimia. Tulizunguka migodi pamoja. Walinzi wa kule wanavaa sweta na gambuti, wanashika rungu. Hakuna mtu alikuwa ameona kombati. Nilipomwambia mume wangu, alisema, "Huyo ndiye alinisomesha. Usinichonganishe na ndugu yangu." Hata hakushangaa, na hiyo ndiyo iliniuma zaidi.

Sasa kuna rafiki yangu, nitamwita Mama Neema. Alikimbia vita kwao, nchi jirani, na anauza vitenge Homa Bay. Wateja wake mimi ndiye nawashonea. Mwezi uliopita alikuja kwangu akaona vipande vilivyobaki, vile tunafutia cherehani. Akashika kimoja, akaketi. Akatoa simu, akanionyesha video ya waasi wakiingia kijiji fulani wakiimba. Kombati ni zile. Nilizijua kwa mfuko wa kifua, kwa sababu kitambaa kilikuwa kinaniishia nikaukata mshazari.

"Hiki ni kijiji cha mama yangu," akasema. "Tangu wapite hapo, simu yake haiingii. Mama Achieng', nguo hii umeitoa wapi?"

Nikamwambia nilinunua kwa watu wa mitumba. Alikirudisha kile kipande mezani, akachukua mkoba wake akaondoka. Tangu siku hiyo hajaniletea kitenge hata kimoja, na nikimsalimia anajibu akiangalia kando.

Nilimpigia shemeji, nikamuuliza zile nguo zilienda wapi. Akacheka kidogo. "Nani amekuuliza?" Sikumtaja mtu. Lakini tangu siku hiyo kuna gari jeupe linasimama ng'ambo ya barabara, wanaume wawili ndani. Hawashuki, hawanunui chochote. Labda wanangoja mtu wao. Labda ni mimi. Hata wasichana wangu sasa nawashuku, nikiona mmoja ameshika simu nauliza anaongea na nani.

Wiki iliyopita shemeji alituma kitambaa kingine na orodha ya vipimo. Nilisoma viuno na urefu wa miguu, nikafikiri wamekosea kuandika. Nikampigia. "Hawajakosea," akasema, "shona vile imeandikwa." Nikamwita kijana wangu wa Grade Six nikampima. Suruali zilizoandikwa pale zinamtosha yeye, na zingine ni ndogo kuliko yeye.

Sijakata kitambaa mpaka leo. Mume wangu anauliza kila jioni kama nimeanza. Nikienda polisi, hao nao ni serikali. Nikikataa, shemeji atajua kwamba nimejua. Na Mama Neema bado anapiga simu ya mamake kila asubuhi, na mimi najua kitu ambacho sijamwambia.

Ndugu zangu, mnaweza kunitukana, nitasoma. Lakini baada ya kunitukana mniambie: mngekuwa mimi, mngefanya nini?