Nilivyotambuliwa Kizimbani kwa Kesi Isiyo Yangu

Kuna mama mmoja alikula kiapo mbele ya hakimu, akaninyooshea kidole, akasema mimi ndiye niliyeiba spika zake.

Spika zenyewe sijawahi kuziona hata kwa picha. Na kesi haikuwa yangu.

Twende taratibu.

Mimi ni kinyozi. Mfupi, mnene, na kichwani kwangu hakuna hata unywele mmoja. Wateja wamenitania kwa hilo mpaka wamechoka wenyewe.

Dada yangu mdogo ameolewa na fundi umeme, mwembamba na mrefu kupita kiasi. Mtaa mzima unamwita Mlingoti.

Basi Mlingoti akaitwa kurekebisha nyaya kwenye ukumbi mmoja wa sherehe. Msimamizi akampokea, fundi akapiga kazi, akaondoka. Jioni ile ile spika mbili zikayeyuka. Polisi wakauliza nani aliyeingia mwisho. Fundi. Wakambeba.

Mahakamani akasomewa shtaka la wizi, akakana. Hakimu akasema dhamana iko wazi, alete mdhamini. Dada akanijia kinyozini macho mekundu. Damu nzito kuliko maji. Nikaenda kusaini.

Kusaini nilisaini. Kuelewa nilichosaini, hapo ndipo palipokuwa na kazi.

Nikamuuliza mteja wangu mmoja tunayemwita Sheria, maana hawezi kumaliza sentensi bila neno "kisheria".

"Mdhamini ni kama mchezaji wa akiba," akaniambia huku nampaka povu kidevuni. "Mwenyewe asipokuwepo, unaingia wewe. Kisheria."

Nikameza bila kutafuna.

Siku ya kusikilizwa kesi ikafika. Hakimu wa mwanzo alikuwa amehamishwa, yupo mpya. Mwendesha mashtaka naye alikuwa na rundo la mafaili, hata uso wake huuoni. Wakili hatukuwa naye. Dada alikuwa nje anabembeleza mtoto.

Mlingoti tumbo likamvuruga kwa woga.

"Shemeji, naenda msalani mara moja."

Alipotoka tu, karani akaita kesi yetu.



"Mshtakiwa yupo?" hakimu akauliza.

Mzee niliyekaa naye akaninong'oneza kwamba mshtakiwa asipoonekana, dhamana inafutwa na hati ya kumkamata inatolewa. Nikamfikiria dada yangu na yule mtoto.

Nikasimama. "Nipo, mheshimiwa."

"Ingia kizimbani."

Nikaingia. Karani akasoma shtaka la wizi wa spika mbili, akaniuliza ni kweli au si kweli.

"Si kweli," nikajibu kwa ujasiri. Hapo sikudanganya.

Shahidi wa kwanza alikuwa mlalamikaji mwenyewe, mama mwenye ukumbi. Akaapa. Akaeleza kwamba umeme ulikuwa umekatika, yeye yuko dirishani ghorofani, akamwona mtu anatoka na spika begani.

"Mtu huyo yumo humu ndani?" mwendesha mashtaka akauliza.

"Yumo. Ndiye yule pale."

Nikageuka nyuma nimwone. Nyuma yangu palikuwa na ukuta.



"Mshtakiwa, una swali kwa shahidi?" hakimu akaniuliza.

"Mama, una hakika uliniona mimi?"

"Kama ninavyokuona sasa."

"Nilikuwa mfupi hivi hivi?"

"Mfupi, mnene, na hicho kipara kinang'aa."

"Umeme si ulikuwa umekatika?"

"Kiling'aa hivyo hivyo."

Watu wakaangua kicheko, karani akawanyamazisha. Hapo mlango ukafunguka. Mlingoti akaingia ameinama asigonge kichwa, nywele zimesimama kama majani ya nanasi.

"Samahani, mheshimiwa. Naambiwa kesi yangu imeitwa. Mimi ndiye mshtakiwa."

Hakimu akavua miwani taratibu. "Na wewe uliyeko kizimbani ni nani?"

"Mdhamini, mheshimiwa."

"Umefuata nini humo?"

"Mwenyewe alitoka kidogo, nikamshikia nafasi."

Hakimu akaweka kalamu chini.

"Kazi ya mdhamini ni kuhakikisha mshtakiwa anafika mahakamani. Hajibu shtaka badala yake, wala hashtakiwi badala yake. Ulichofanya kinaweza kukupeleka ndani kwa kuidharau mahakama. Toka humo."

Nikatoka, nikasimama kando ya Mlingoti.

Kisha akamgeukia yule mama. "Kati ya hawa wawili, uliyemwona ni yupi?"

Mama akaniangalia mimi chini, akamwangalia Mlingoti juu. Akashusha pumzi.

"Mheshimiwa, kusema ukweli niliona mgongo tu. Giza lilikuwa limeingia."

"Mbona ulimtaja huyu?"

"Si nilimkuta kizimbani? Nilijua anayesimamishwa pale mmeshamhakikisha. Nikaona kazi yangu ni kukubali."

Hakuna aliyecheka tena.

Shahidi wa pili, msimamizi wa ukumbi, alisema alimwona fundi akiondoka na mkoba wa vifaa tu. Upande wa mashtaka ukafunga ushahidi wake. Hakimu akatamka kwamba Mlingoti hana kesi ya kujibu, akamwachia huru. Dada alipoambiwa huko nje, alikaa chini palepale na mtoto mapajani, akalia.

Mimi nilipewa onyo kali na kuamriwa nikae benchi la mbele mpaka kesi zote za siku ile ziishe, nijifunze nani hufanya nini mle ndani. Nilijifunza.

Kizimba ni mahali pa mtu anayeshukiwa. Hukumu inakuwa bado haijatolewa. Mimi sikulijua hilo, na yule mama hakulijua. Siku ile ujinga wangu uligongana na wake, asiye na hatia akapona. Kama Mlingoti angewahi kurudi, yule mama angemtambua yeye kwa kiapo kile kile, na mimi ningekuwa nampelekea dada yangu habari ya kifungo.

Neno la mahakama usilolielewa, liulize kabla hujasimama.