Makengeza ya Zimwi

Mwenye kutaka kucheka acheke mapema, maana mimi nikifika katikati ya habari hii huwa nimeshakasirika, na hasira yangu haipendi kuchekwa.

Habari yenyewe ni ya wifi yangu, dada wa mume wangu, ambaye kazini wanamwita Bi Nukta. Karakana yao inatengeneza visanamu vya kimo cha kidole gumba: nguva, majoka ya vichwa saba, farasi wenye mabawa, na mazimwi. Msidhani ni vya watoto. Wanaovigombania ni watu wazima na ndevu zao, wanavipanga kwenye makabati ya vioo na kukosa usingizi kwa kupungukiwa na kimoja. Mume wangu akija kunililia nguva wa plastiki, nitamrudisha kwa mama yake akamlee upya.

Kazi ya wifi ni mboni. Mwenzake akishapaka weupe wa jicho, yeye anatia nukta nyeusi, kwa brashi ya nywele tatu, amebana pumzi. Miaka kumi na tisa anabana pumzi. "Bila nukta ni kokoto tu," huniambia. "Nikishaitia, wifi, kitu kinaniona."

Sasa sikilizeni namna anavyofanya, kwa sababu ugomvi wote umelala hapo. Vichwa vya mazimwi humfikia bila kiwiliwili, bila pua wala mdomo, mviringo kama mbaazi, vimekaa kwenye vishimo vya trei. Zimwi linatakiwa litazame pembeni, kama linavizia mtu. Basi wifi anatia kwanza macho yote ya kulia, nukta upande wa dirisha. Halafu anafunika hayo mabichi kwa kadi yenye matundu, mkono usije ukayachafua, yakabaki wazi ya kushoto tu. Nayo anayatia vilevile, nukta upande wa dirisha. Dirisha ndilo dira yake. Hana haja ya kujiuliza.

Siku hiyo alikuwa amemaliza ya kulia, kadi amefunika, akaitwa stoo kupokea rangi. Aliporudi aliketi, akabana pumzi, akatia ya kushoto trei nne nzima. Alipoinua kadi alipiga ukelele mpaka wa chumba cha pili wakaja. Mazimwi mia mbili, kila moja jicho hili linatazama mlangoni na lile linatazama dirishani. Makengeza matupu!

Trei zilikuwa zimegeuzwa, upande wa dirishani ukawa wa mlangoni. Na aliyepita pale kuhesabu vichwa alikuwa mmoja tu, msimamizi, yule wanayemwita Kibiriti kwa jinsi anavyowaka haraka.

"Bosi," wifi akamwuliza, "uligeuza trei zangu?"

"Mimi? Mimi nina muda wa kugeuza trei? Mama, kilichogeuka ni macho yako. Katafute miwani."

Watu wakacheka. Kesho yake ikatoka barua ya onyo: *kwa uzembe, ametia mboni kinyume, akirudia kosa hili ataachishwa kazi.* Alikuja nayo nyumbani, chakula hakukigusa. Hakulia. Alikuwa akiweka kidole juu ya neno moja. "Uzembe, wifi. Wameandika uzembe. Likikaa kwenye faili langu hili, hata nikifa wataniombolezea mzembe."

Nilitaka kwenda mimi. Mume wangu akanishika mkono, akasema nitamharibia dada yake. Nikakaa, lakini moyo haukukaa.

Kwa kuwa mzigo ulikuwa umechelewa, mazimwi yale hayakutupwa. Yalifungwa kwenye maboksi yakaenda hivyo hivyo. Haukupita muda, wale wenye makabati ya vioo wakaanza kuandika barua. Wanataka zimwi kengeza! Eti lina roho. Eti ukikaa kokote chumbani linakuona. Meneja akaita mkutano wa wafanyakazi wote, akasema leo tunasifu ubunifu, akamsimamisha nani? Kibiriti. Naye, bila haya, akavuta kola ya shati.

"Niliona mazimwi yetu yamezoeleka," akasema. "Nikajiambia, ngoja nizigeuze trei tuone."

Makofi. Wifi yangu hakupiga. Alinyoosha mkono.

"Bosi, rudia hapo kwenye trei. Nani aligeuza?"

"Nimeshasema, mimi."

"Asante. Nyote mmesikia."

Kibiriti ndipo akaelewa alichokitamka, na meneja pia, lakini meneja akajifanya anatafuta kalamu. "Mambo ya barua ni ya ofisini," akasema. "Bi Nukta, tunataka makengeza elfu moja. Uanze leo."

Wifi akalaza brashi juu ya meza. "Siwezi, baba. Mmeniandikia kwamba kutia mboni kinyume ni kosa, na nikirudia nifukuzwe. Narudiaje mara elfu?"

Hakuna aliyecheka. Mwingine akajaribu kutia hizo nukta. Zikatoka kama kinyesi cha nzi. Siku tatu trei zikakaa bila macho, naye yupo pale pale mezani anatia ya nguva, macho yaliyonyooka, kazi isiyo na shaka. Siku ya nne meneja akamletea karatasi: *kosa limesamehewa.*

"Husamehewa aliyekosa," wifi akamrudishia.

Ikaja nyingine: *onyo limefutwa.*

"Kinachofutwa huacha alama. Andika kilichotokea."

Hasira ilimpanda meneja, lakini wenye makabati walikuwa wakipiga simu. Ya tatu iliandikwa hivi: *Bi Nukta hakukosa. Trei ziligeuzwa na msimamizi.* Muhuri chini. Wifi aliisoma mara mbili, akaisoma tena kwa sauti ili mafundi wote wasikie, ndipo akavuta trei ya mazimwi.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Sawa, amepewa, baada ya kuinyang'anya mwenyewe. Lakini nawauliza nyinyi mnaonisikiliza: yule aliyegeuza trei, akakana, akamfanya mtu mzima achekwe mbele za watu, kisha akapokea makofi, yeye barua yake iko wapi? Mpaka leo hajaandikiwa hata mstari mmoja.