Daktari wa Nyungunyungu

Harufu ya haradali hunirudisha kijijini kwetu Mollo, kwenye shamba la mama, nikiwa na miaka tisa na siri moja moyoni.

Mwaka huo alitujia mgeni kutoka Mbeya, mwanamke mfupi mwenye buti za mpira. Tuliambiwa ni Dokta Tusekile. Habari ya dokta ilimfikia bibi kabla uji haujapoa. Akaja akichechemea, akakaa kwenye kigoda, akanyoosha goti lake bovu.

"Shikamoo bibi," mgeni alisema. "Mimi si daktari wa watu. Mimi nasoma habari za nyungunyungu."

Bibi alifikiri kidogo. "Nao wanaumwa nini?"

Dokta alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akaeleza kwamba viumbe hao hula majani yaliyooza na kuurutubisha udongo, naye alitaka kujua kama wanayapenda matuta yetu ya Kifipa, yale ya duara tunayoyaita ntumba, ambayo mama alifukia nyasi ndani yake. Bibi akajibu kwamba tuta lenye nyungunyungu halimlazi mtu na njaa. Dokta aliyaandika maneno hayo, na bibi akasahau goti.

Dokta alikoroga kwenye ndoo ya maji unga wa haradali, ambao huwawasha nyungunyungu mpaka watoke, akaumwagia udongo wa tuta polepole. Mara wakaanza kuchomoza, wekundu, bila haraka, kama waumini wanaotoka misa ndefu. Mimi niliwaokota na kuwahesabu. Tuta la kwanza walijaa, la pili na la tatu hivyo hivyo. La nne hakutoka hata mmoja.

Dokta alimwaga tena. Kimya. Akamuuliza mama maswali mengi, na mama, ambaye hakuzoea kukosea shambani, akaanza kusema labda nyasi alizifukia vibaya, labda mwakani aache ntumba alime kama wengine.

Hapo nikashindwa kuvumilia. Kaka yangu alikuwa ameniambia kwamba nyungunyungu hula mizizi ya mahindi, nami nikachukua chumvi jikoni, kopo zima, nikaimwaga kwenye tuta lile la nne ili niliokoe shamba. Nilisema yote nikitazama vidole vyangu vya miguu.

Mama aliinua mkono. Dokta akamwomba asubiri, akachuchumaa mbele yangu.

"Kopo gani? Lilijaa? Mvua ilinyesha baada ya hapo?"

Nilimletea kopo. Alilipima kwa rula, akaandika. Halafu akaniuliza jina langu kamili, akaliandika pia.

Mama hakunipiga, ila msimu uliofuata nyasi za tuta lile nilizibeba peke yangu. Kilichoniumiza zaidi ni lile jina. Kwa wiki kadhaa nilikwenda shule nikingoja kuitwa na mwalimu mkuu.

Nilikuwa mtu mzima nilipojua kwamba wataalamu huandika jina la mtu aliyewaeleza jambo wasilolijua. Dokta hakuwa ameandika jina la mkosaji. Aliandika jina la shahidi, na mama yangu akaendelea kulima ntumba.