Sisimizi katika Maziwa Yangu

Daktari aliponikata titi la kulia alinipa amri moja tu. "Wewe hapana zaa tena," aliniambia kwa kile Kiswahili cha wazungu cha kuamrishia watu. "Mimba itaamsha kansa. Unasikia?"

Nilisikia, tena vizuri. Nikarudi kwetu mtaa wa Katuba, nikalima mboga za lengalenga nyuma ya nyumba, kovu likakauka. Baada ya muda mimba ikaingia. Nilifurahi hadi nikaona haya.

Daktari alipoliona tumbo alifoka, akauliza kama sisi wanawake weusi tuna masikio.

"Masikio iko, Docteur," nilimjibu. "Na tumbo nayo iko. Sasa tufanye namna gani?"

Alinung'unika kwa Kifaransa, lakini hakunifukuza. Kila mwezi mtawa aliyekuwa mkunga alinibonyeza kwanza kovu, kisha kwapa, kisha titi lililobaki, ndipo alipogusa tumbo. Vidole vyake vikisita mahali, nilihesabu mpaka viondoke. Niliogopa, sitadanganya. Ila woga wangu niliuacha kule kule hospitali. Mtaani nilitembea tumbo mbele, na aliyetaka kunihurumia nilimwuliza kama kwake hakuna kazi.

Binti yangu alizaliwa na sauti ya kuamsha mtaa mzima. Titi langu la kushoto likajaa maziwa hadi nguo ikalowa, na mtawa akasema ninyonyeshe. Nilijiona tajiri.

Kisha mama mkwe akashuka kwenye treni kutoka Kongolo. Kijijini kwao, maziwa ya mwanamke aliyewahi kuugua titi hayaaminiwi mpaka yajaribiwe. Yanakamuliwa ndani ya bakuli, anatiwa sisimizi. Akitoka mzima, mtoto ananyonya. Akifa, mtoto anapewa titi la mwingine. Na huyo mwingine alikuwa amekwisha chaguliwa: wifi yangu, aliyejifungua naye akabaki huko Kongolo. Mama mkwe alikuwa amekwisha kumfunga mtoto wangu kifuani kwake mwenyewe, akakataa kunipa hadi mtihani uishe. Mtoto akalia. Mume wangu, aliyezoea kubishana na wazungu kazini kwake relini, aliinamia viatu vyake.

Nilikamua. Mama mkwe akadondosha sisimizi. Mdudu alizunguka, akapiga miguu, akatulia.

"Njo hii, ndiyo yenyewe," mama mkwe alisema, na machozi yalimtoka kweli. "Iko na sumu. Mutoto tutaenda naye kesho, mama. Atapona kule."

Hasira ilinipanda hadi kovu likawasha. Daktari alikuwa amenikataza mtoto, na sasa huyu anamchukua, kwa ushahidi wa mdudu! Nikatoka uani nikaokota sisimizi mwingine. Chai ya mama mkwe, chai yake ya sukari nyingi, ilikuwa imepoa ndani ya kikombe cha bati. Nikamtia humo mbele ya macho yake.

"Mama, angalia."

Tukaangalia sote, hata mume wangu. Sisimizi alizunguka, akapiga miguu, akatulia.

"Kadudu kamekufwa, mama. Sasa chai yako nayo iko na sumu? Kama iko na sumu, mwaga. Kama haina, kunywa, na unipe mutoto wangu."

Hakuna mkwe anayesema hivyo kwao. Nilijua naweza kurudishwa kwa wazazi wangu kwa maneno hayo, na sikurudisha hata moja.

Alinitazama. Akatazama kikombe. Halafu akamtoa mdudu kwa ncha ya kidole, akanywa ile chai yote, taratibu, akaweka kikombe chini. Akafungua kitenge kifuani.

"Mutoto analia njaa," alisema kwa ukali, akinikabidhi. "Unasikia?"

Nilisikia. Safari hii nilitii.