Zamu Niliyomuachia Nasor

Nakumbuka Alkhamisi moja ya miaka ya tisini, mwanangu, kule mtaa wa Ghala, huku kwetu Omani, nyuma ya gereji ya kupiga magari rangi. Palikuwa na banda lenye kiyoyozi kibovu, na ndani yake meza ya biliadi isiyo na shimo hata moja. Nyinyi mnajua meza za mashimo tu. Hii ilikuwa ya Mzee Humud, Muomani mwenzetu aliyekulia Bujumbura, ambako Wabelgiji ndio walioucheza mchezo huu. Mipira mitatu, basi. Unapiga wako uiguse ile miwili. Ukifaulu umepata alama na unaendelea, ukikosa unampisha mwenzio. Rahisi kusema. Nimeona watu wazima wakitaka kulia.

Siku hiyo alikuwa anatafutwa mtu mmoja wa kwenda kwenye mashindano ya dunia ya wachezaji wa ridhaa, wale wasiolipwa. Mashindano yenyewe yalikuwa bado machanga, na sisi tulipewa nafasi moja. Tulibaki wawili, mie na Nasor, mtoto wa ami yangu, aliyenizidi miaka michache. Nilikuwa karani wa bandarini Matrah, sijapanda ndege tangu tulipokuja kutoka Unguja nikiwa mdogo. Safari ile niliitaka mpaka usingizi ukanipaa.

Nasor alianza, na ndiye aliyetangulia kumaliza idadi iliyowekwa. Lakini mchezo huu una haki yake: aliyeanza akimaliza, wa pili hupewa zamu moja ya mwisho, maana mwenzie alitangulia kuanza. Nilibakiwa na alama kumi na kitu kumfikia, tukashindane upya. Wiki ile ile nilishapata nyingi kuliko hizo kwa zamu moja.

Basi ami, aliyekuja na jamaa kututazama, akasimama. Akasema alhamdulillahi, akamkumbatia mwanawe, akaagiza halwa na kahawa zipitishwe. Watu wote wakainuka. Mie nimeshika fimbo yangu. Ningesemaje? Nimwambie ami, aliyenilea baba alipofariki, akae chini sijamaliza? Nikaona haya. Nikaiweka fimbo, nikasema, "Hongera, kaka. Zamu yangu nimekuachia."

Hapo nilisifiwa, mwanangu. Mtoto kalelewa huyu, mtoto ana adabu. Zile sifa zilikuwa tamu kushinda halwa yenyewe.

Mzee Humud hakunisifu. Watu walipotoka alinibakisha tuifunike meza. Kila akitaka kusema neno lazima aanze na "bon", "haya" ya Kifaransa, ndiyo Bujumbura hiyo.

"Bon. Umemuachia, au umeogopa macho ya watu?"

"Nimemuachia, mzee. Yule mkubwa wangu."

"Basi usiidai tena, hata moyoni. Na kama huwezi, umemdhulumu yeye na umejidhulumu wewe. Ungecheza ukakosa, angesafiri Nasor mshindi. Sasa anasafiri Nasor aliyeachiwa."

Nikamuona mzee mkorofi tu, mtu asiyejua mila zetu.

Nasor akaenda, akatolewa mapema, akarudi. Hakuna aibu, wale wenziwe walizaliwa na fimbo mkononi. Lakini mie hapo ndipo yaliponianza. Nikinywa chai nasema moyoni, ningekwenda mie ingekuwa vingine. Mwenye kovu usidhani kapoa. Miaka ikapita, nacheka naye, nakula naye, na kinyongo kinanenepa. Mpaka Idi moja, nyumbani kwa ami, mtaa wa Darsait, mgeni akamsifu Nasor kwamba amefika mashindano ya dunia. Lililo moyoni ulimi huiba. Nikasema, mbele ya wanawe, "Alifika kwa kuwa nilimuachia."

Nasor akaenda kunawa mikono, hakurudi kukaa. Tokea siku ile tukawa tunaonana mazishini tu, mkono wa salamu na kila mtu na njia yake, na nyumba zetu haziko mbali.

Alipougua nilikwenda hospitali. Amekwisha, sauti imebaki kidogo. Nikamwambia, "Kaka, nisamehe neno lile. Wewe ulishinda."

Akatikisa kichwa. "Sikushinda. Nilijua una zamu. Ningewaambia watu wakae, wangekaa. Nilinyamaza kwa sababu nilikuogopa." Akanivuta karibu. "Miaka yote nataka kujua. Ungefika?"

"Sijui, kaka. Wallahi sijui."

Tulisameheana, tukalia kama watoto. Hazikupita siku nyingi tukamzika. Msamaha tuliupata, mwanangu. Ile miaka hatukuipata.

Nna sababu ya kukwambia haya. Juzi mlipokaa na nduguzo kuzungumza khabari ya kugawana nyumba ya marehemu bibi yako, nilikusikia ukisema, "Chukueni tu, mie sitaki." Watu wakakusifu. Mie nilikuwa nakutazama uso. Haki yako idai kwa adabu, mbele ya watu, siku ile ile. Watanuna kidogo, kisha watakaa wakusikilize. Heri nusu shari kuliko shari kamili. Ukishindwa, pokea, maana asiyekubali kushindwa si mshindani. Na ukitaka kuacha, acha mpaka ndani ya moyo, usijiwekee akiba ya kuja kudai. Tena siku utakayotangulia wewe, ukamuona mwenzio bado kasimama na fimbo yake, wanyamazishe wanaokupongeza umpe nafasi yake. Hilo ni gumu zaidi. Nasor, mtu mwema kama yule, lilimshinda.

Basi kesho waite nduguzo, waambie hukumaliza kusema. Wako hai, wana afya, wanakupenda. Mungu akupe ulimi wa kudai bila ya ukali na moyo wa kuacha bila ya kinyongo, na asikufikishe mahali pa kuulizwa na nduguyo anayekata roho jambo usiloweza kumjibu. Amin.